Chafya ya Mtoto wa Jepkoech

Mtoto wa Jepkoech alipiga chafya kabla hajalia, na kwa siku tatu zilizofuata hakulia hata mara moja.

Siku ile, thieta, hakuna aliyeona kombo. Watu walipiga makofi. Mtoto alikuwa ametolewa kwa upasuaji Jumatatu saa nane mchana, amelegea, rangi ya majivu, kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili. Daktari wa watoto alikuwa amekwama wodi nyingine. Daktari mmoja akabaki kumshona mama, na Daktari Chepkemboi, aliyekuwa mwaka wa pili akisomea ubingwa wa uzazi katika hospitali hiyo ya Nakuru, akamchukua mtoto. Akamkausha. Akamsugua mgongo. Akamfunika pua na mdomo kwa kibarakoa cha mpira na kuanza kuminya mfuko wa hewa. Dakika ya tatu, kimya. Dakika ya tano, kimya. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga kivivu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyotaka kuingia.

Mikono ya Chepkemboi iliendelea na kazi, lakini mdomo wake ukaanzisha kazi nyingine bila kumwomba ruhusa. Kwao, kama kwa Wakalenjin wengi, mtoto akizaliwa akina nyanya hukaa wakamwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Aliyekufa ameitika, amekuja kumshika mtoto mkono. Chepkemboi alikuwa na digrii yake ukutani na hakuamini mambo hayo, au alidhani haamini. Akanong'ona jina la nyanya yake. Akanong'ona la shangazi yake. Wafu wake wakamwishia upesi, maana alikuwa na miaka thelathini na mmoja tu. Jina lililofuata hakulitafuta, lilikuja lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limekaa kichwani mwake kwa majuma matatu likikataa kutoka.

"Chesang," alisema.

Mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi, akafungua macho.

"Daktari, umemrudisha!" alisema Sista Immaculate, mkunga wa zamu, mama wa Kiluhya mwenye sauti ya kanisani. "Huyu utampa jina wewe!"

Ukimsimulia mtu wa Mombasa atakwambia hilo ni jini, na pengine atakutajia hata kabila lake. Sisi wa huku juu hatuna ujuzi huo. Kwetu anayeingia bila kukaribishwa huwa ni mtu tuliyemjua, tena tuliyemkosea, na hapo ndipo ubaya ulipo. Na huyu, kusema kweli, alikuwa amekaribishwa.

Jioni ile Sista Immaculate alimpima mtoto joto. Thelathini na nne. Mtoto mchanga akishuka hapo, hiyo ni hatari. Akabadilisha kipimajoto, akapata thelathini na nne. Akaleta cha tatu.

"Daktari, hivi vipimo viko sawa," alisema. "Ni mtoto hayuko sawa. Hiyo inkubeta inachoma mkono wangu, lakini yeye ni kama ametoka kwa friji."

Walimpima damu, haikuwa na maambukizi. Walimpima sukari, ilikuwa sawa. Wakamtoa kwenye inkubeta, wakamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, maana hakuna mashine inayoshinda kifua cha mama. Jepkoech, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyetoka upande wa Njoro, akamkumbatia binti yake kwa furaha. Baada ya nusu saa meno yake yalikuwa yakigongana.

"Daktari," alisema Jepkoech, "naskia baridi."

Chepkemboi alikuwa akiandika kwenye faili. Akaacha katikati ya neno.

Hayo maneno aliyajua. Majuma matatu kabla, saa nane mchana pia, wakati zamu zinabadilishana, mwanamke mmoja wa Keringet aitwaye Chesang alikuwa amejifungua mtoto wa kiume bila shida yoyote. Chepkemboi alikuwa amesimama kwa miguu yake saa thelathini. Chesang akamwambia, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua, "Daktari, naskia baridi." Sasa, kitu cha kwanza kabisa anachofundishwa daktari wa uzazi, kabla hajafundishwa kushika kisu, ni hiki: mama aliyejifungua akisema anasikia baridi, mfunue. Usimfunike, mfunue uone. Chepkemboi alikuwa amewafundisha wanafunzi wake somo hilo wiki hiyohiyo. Siku ile alimwambia Chesang, "Ni kawaida, mama, baada ya kuzaa," akamwongezea blanketi la pili, akaenda kuketi dakika kumi kwenye chumba cha chai. Alilala dakika arobaini. Chini ya yale mablanketi mawili, damu ilikuwa inatoka, na mablanketi yaliinywa yote, na kwa juu hakuna aliyeona hata tone.

Hilo lilikuwa kosa, na nani hakosei baada ya saa thelathini? Nisingemsimulia mtu kwa hilo peke yake. Lakini mkuu wake, Daktari Odero, alimwita kando kabla maiti haijapoa. "Andika alikunywa dawa za kienyeji," alimwambia. "Watu wa mashambani hunywa kila siku, hakuna atakayeshangaa. Ukiandika ulilala, masomo yako yameisha leo." Chepkemboi alikuwa ameomba nafasi hiyo ya masomo miaka minne mfululizo. Akaandika. Na ili maandishi yapate miguu, akatoka nje, akamkuta mama mkwe wa Chesang amekaa kwenye benchi na chupa ya uji, akamuuliza mbele ya wanawe, "Mama, ulimpa nini huyu msichana?" Mama wa watu akasema ni uji tu. Wanawe wakamtazama. Chepkemboi aliuona ule mtazamo ukianza, akageuka, akaenda zake.

Kwa hiyo Jepkoech aliposema anasikia baridi, Chepkemboi alirukia blanketi na kulifunua kwa nguvu. Shuka lilikuwa jeupe, kavu. Akapitisha mkono chini ya mama, palepale. Mkono ukatoka umelowa, mwekundu hadi kwenye saa.

"Sista! Anavuja!"

Sista Immaculate alikuja mbio, akakagua, akakagua tena. "Hakuna damu, Daktari. Pedi ni kavu." Akamtazama usoni. "Umelala lini?"

Chepkemboi aliangalia mkono wake. Ulikuwa safi.

Jumanne harufu ikaanza. Haikuwa harufu ya dawa wala ya chai ya wodini. Ilikuwa ya damu ya kale iliyokaa kwenye sufu, na ndani yake uji wa wimbi uliochacha, na ilimfuata Chepkemboi kutoka wodi hadi thieta, ikakaa ndani ya barakoa yake, hata akila chapati ilikuwa kwenye chapati. Kisha likaja tone. Alikuwa nasari, wodi ya watoto wachanga, mchana kweupe, jua la Nakuru limejaa madirishani, akina mama wanasimuliana mambo ya bei ya maziwa, akasikia chini ya kitanda cha mtoto wa Jepkoech: to. Halafu kimya. Halafu: to. Akainama kuangalia, hapakuwa na maji, sakafu inang'aa kwa deki, lakini alipoinuka mtoto alikuwa amegeuza kichwa na kumtazama, na mtoto wa siku moja hamtazami mtu, macho yake huelea tu, ila huyu alimtazama Chepkemboi sawasawa usoni, kwa subira, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua, akainua macho polepole kwenye saa ya ukutani iliyoonyesha saa nane kasoro dakika tano, akayarudisha tena kwake, na akina mama kule nyuma waliendelea kucheka na maziwa yao huku lile tone likiendelea kudondoka, to, to, to, haraka zaidi, hadi ikawa si tone tena ila mchirizi.

Alitoka mbio. Aliogopa, na nisimfanyie heshima ya uongo: aliogopa hadi akatapika kwenye beseni la kunawia.

Joto la mtoto lilikuwa thelathini na tatu.

Jumatano akaja nyanya yake Jepkoech, au kogo kwa Kikalenjin, Kogo Taprandich, bibi mfupi mwenye sweta mbili na hasira ya kudumu, mkulima wa viazi huko Njoro. Watu wa kwao walimjua kwa jambo jingine pia: ndiye aliyeitwa kila mtoto alipopewa jina, na ndiye aliyeitwa pia jina lilipokataa kukaa. Hakusalimia mtu. Alimshika kitukuu wake, akamnusa utosi, akamrudisha kifuani kwa Jepkoech, akauliza, "Ni nani aliita hii mtoto?"

Sista Immaculate akamtazama Chepkemboi.

Kogo akamshika daktari mkono, akamvuta hadi kwenye korido ya kuanikia mashuka. Alizungumza chini, mdomo karibu na sikio.

"Uliita nani?"

"Kogo, nilikuwa natibu tu. Mtoto alikuwa hapumui. Majina yalinitoka."

"Nimeuliza nani."

"Chesang. Wa Keringet."

"Ni mtu wenu?"

"Hapana."

"Ni mtu wetu?"

"Hapana, Kogo. Ni mgonjwa. Alikufa hapa."

Bibi alifumba macho. "Alikufa vizuri ama alikufa na maneno?"

Machozi yalianza kumtoka Chepkemboi, na akashangaa, maana hakuwa amelia tangu siku ile. Akamwambia yote: blanketi, chumba cha chai, dawa za kienyeji, mama mkwe na chupa yake ya uji. Alinong'ona kama mtoto aliyevunja kitu.

"Huyo hakuwa wa kuitwa," alisema Kogo. "Mwenye alikufa na maneno haitwi. Kwanza anapelekwa kwao, analazwa, maneno yanaisha. Sasa wewe umemfungulia mlango, amekuja, na baridi yake amekuja nayo. Hana ubaya na hii mtoto. Ni baridi tu anasikia. Lakini mtoto ni kidogo, haiwezi kubeba baridi ya mtu mzima."

"Nifanye nini?"

"Umpeleke kwao. Uende Keringet, uingie kwa hiyo nyumba, uambie hao vijana mama yao hakufanya kitu. Kwa mdomo yako, mbele ya watu. Uongo ikitoka kwa hiyo boma, atapata mahali ya kulala. Halafu mnipigie simu, mimi nitaita mtoto vizuri, na majina yetu."

"Nitaenda. Kesho asubuhi na mapema."

"Kwa nini si leo?"

"Niko zamu, Kogo."

Bibi alimwachia mkono. "Hata yeye alikungoja dakika kumi," alisema.

Chepkemboi alikuwa na nia ya kwenda. Nataka hilo lijulikane. Lakini Alhamisi saa nane kulikuwa na kikao cha hospitali cha kuchunguza kifo cha Chesang, na jioni ya Jumatano Daktari Odero alimkuta kwenye ngazi.

"Kesho maneno ni yaleyale, sivyo?" alisema.

"Daktari, nilikuwa nafikiria..."

"Usifikirie. Sahihi yangu iko kwenye ile faili kando ya yako. Ukibadilisha maneno kesho, Ijumaa si mwanafunzi wangu. Si mwanafunzi wa mtu yeyote." Akampiga bega kidogo, kwa upole. "Wewe una mikono mizuri. Utaokoa akina mama elfu moja. Usiitupe mikono hiyo kwa sababu ya mmoja ambaye hatarudi."

Usiku kucha alilipima neno hilo. Akina mama elfu moja. Sista Immaculate, aliyekuwa ameanza kuelewa mengi bila kuambiwa, alimletea chai alfajiri na kumwambia yale anayowaambia akina mama wenye haya wanapokataa kupanda kitandani: "Mficha uchi hazai, Daktari. Chochote ni, sema." Chepkemboi akanywa chai. Akajiambia kikao kwanza, Keringet baadaye. Kikao ni cha makaratasi tu, Keringet ni kwa watu. Akishatoka kikaoni atapata gari, jioni atakuwa amefika, atasema yote, na hakuna karatasi itakayoharibika. Ona jinsi mtu msomi anavyojipangia. Asubuhi ilipita, mtoto ana joto la thelathini na mbili, Kogo ameketi kando yake na simu mapajani.

Saa nane kamili kikao kilianza. Watu kumi na wawili, chupa za maji, faili moja. Daktari Odero akaeleza, kisha akamwachia Chepkemboi nafasi. Alisimama. Harufu ya uji uliochacha ilikuwa imejaa chumbani kiasi kwamba hakuelewa wenzake wanavyoweza kukaa. Kando ya mlango palikuwa na kiti kitupu, na kile kiti kilikuwa kimefunikwa blanketi la hospitali, na juu ya lile blanketi likapandishwa jingine, taratibu, hakuna mkono uliolishika, likasawazishwa kingo zake vizuri jinsi yeye mwenyewe alivyolisawazisha siku ile, na chini yake palikuwa na umbo, na lile umbo lilikuwa likitetemeka, na hakuna mtu mwingine mezani aliyegeuza kichwa, mmoja alikuwa akifungua chupa yake ya maji, na Chepkemboi alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba anaulizwa swali kwa mara ya mwisho na kwamba swali lenyewe ni rahisi, ni kulifunua tu.

"Daktari?" alisema mwenyekiti wa kikao.

Chepkemboi akafungua faili.

"Mgonjwa alikuwa amekunywa dawa za kienyeji," alisoma. "Alipewa na familia."

Kiti kikawa kitupu. Hata blanketi halikuwepo. Harufu ikakatika ghafla, akavuta hewa safi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na kwa muda mfupi alihisi faraja, faraja ya kweli. Kisha simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa ujumbe wa Sista Immaculate: Njoo nasari. Hapumui.

Alikimbia ngazi zote. Nasari akina mama walikuwa wamesimama ukutani, kila mmoja amemkumbatia wake. Jepkoech alikuwa amepiga magoti sakafuni, kanga mdomoni. Sista Immaculate alikuwa ameinama juu ya mtoto akiminya mfuko wa hewa, na upande wa pili Kogo Taprandich, ambaye alikuwa amechoka kungoja simu ya Keringet, alikuwa akiita. Aliita wafu wa ukoo wake mmoja mmoja, kwa sauti iliyokauka, mama yake, dada za mama yake, wake wenza wa nyanya yake, wanawake waliolala ardhini kabla ya reli kufika Nakuru. Baada ya kila jina alisita kidogo, akimtazama mtoto puani. Hakuna kitu. Aliita hadi majina yakamwishia, akarudia la kwanza.

Sista Immaculate alisikia viatu mlangoni. Miaka miwili yote alikuwa amemwita Daktari mbele ya wagonjwa. Siku hiyo hofu ilimsahaulisha adabu, naye hakuinua hata kichwa.

"Chepkemboi!" alisema. "Njoo ushike hapa!"

Mtoto akapiga chafya.

Akapiga ya pili, na ya tatu, akatupa mikono juu, akalia. Ulikuwa mlio mkali, wenye hasira, mlio wa mtoto mwenye njaa, na rangi ikampanda kuanzia kifuani kwenda usoni huku wote wakimwangalia. Jepkoech alimnyakua, akamlaza kifuani, akapiga ukelele: "Ako na joto! Kogo, ako na joto!" Akina mama wote wakaanza kulia na kucheka. Sista Immaculate alisoma kipimajoto kwa sauti kama anayesoma Injili: thelathini na sita nukta nane. Akamkumbatia Chepkemboi, akamwacha haraka, maana mgongo wa Chepkemboi ulikuwa baridi na umelowa, akajipangusa mikono kwenye aproni, akafikiri labda ni jasho.

Kogo Taprandich peke yake hakucheka, maana alikuwa amesikia ni jina gani mtoto amelipigia chafya. Alikuwa bado amesimama mahali pake, anamtazama daktari, na uso wake uliokuwa na hasira siku zote haukuwa na hasira tena. Alimwendea polepole, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akausugua kidogo kana kwamba anaupasha moto, akauacha.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "niambie kwenu ni wapi. Na baba yako anaitwa nani. Tujue mahali ya kukupeleka."